Neno "na" lina maana ngapi duniani, na je, kufanana huko ni ushahidi wa undugu wa lugha?

Mwalimu wa Chamwino anauliza:

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Chamwino, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Wiki iliyopita nilikuwa dukani karibu na Soko la Majengo nikinunua karatasi, na mwenye duka, mzee ambaye kwao huzungumza Kigujarati, alikuwa akiongea na nduguye kwa simu. Kila baada ya muda alikuwa akitamka "na, na, na" kwa msisitizo. Nilidhani anamsomea orodha ya bidhaa, unga na sukari na chumvi. Alipokata simu nikamuuliza, akacheka, akanieleza kwamba kwao "na" ni kukataa, na kwamba muda wote huo alikuwa akimwambia nduguye hapana.

Nililisimulia jambo hilo katika chumba cha walimu, na tangu siku hiyo hatujapata utulivu. Mwenzetu aliyesoma Urusi alisema kwamba huko "na" ni "juu ya". Mwingine aliyewahi kufanya kazi Msumbiji akaeleza kwamba katika Kireno "na" ni "katika", tena hutumika mbele ya nomino za umoja zenye jinsia ya kike tu. Mwalimu wetu wa historia akaongeza Kiamhari, ambamo "na" ni "njoo" anapoitwa mwanamume. Tulipoendelea kutafuta tukakuta kwamba katika Kihausa "na zo" ni "nimekuja", ambapo "na" ndiyo inayobeba nafsi ya kwanza, na katika Kikorea "na" ni "mimi". Hapo mwalimu wa historia akasimama na kutangaza kwamba silabi hii ni masalia ya lugha moja ya kale iliyozungumzwa na wanadamu wote kabla hawajatawanyika, na kwamba Kihausa na Kikorea kukubaliana kuhusu "mimi" ndiyo hati ya ushahidi.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, mtu atatofautisha vipi maneno yanayofanana kwa undugu na yale yanayofanana kwa bahati? Pili, "na" yetu yenyewe hufanya kazi nyingi mno: huunganisha, huonyesha mtenda, huonyesha kumiliki, na huonyesha wakati. Je, nimwambie mwanafunzi kwamba hilo ni neno moja, au ni maneno mengi yaliyovaa sura moja?

Mfasiri wa Ipagala anajibu:

Mwalimu, swali lako limekuja vizuri, kwa sababu hoja ya mwenzenu wa historia ni ya watu wengi na ina mvuto wake. Naomba nianze na hesabu.

Kiswahili kina irabu 5 na konsonanti ambazo, hata ukijumlisha "ng'", "dh", "gh" na wenzake, hazifiki 30. Ukiunga konsonanti moja na irabu moja utapata silabi zisizofika 150, na hiyo ndiyo akiba yetu yote ya maneno ya aina ya "na", "ni", "si", "wa" na "ya". Zipo lugha zenye akiba ndogo zaidi. Kihawaii, kwa mfano, kina konsonanti 8 tu. Sasa, dunia ina lugha zipatazo 7,000, na kila moja inahitaji vineno vifupi vya kuunganisha, kukanusha, kuonyesha mahali, kuita na kuuliza. Zaidi ya hayo, sauti "n" na "a" ni miongoni mwa zile zinazopatikana karibu katika kila lugha ya mwanadamu. Kwa akiba finyu kama hiyo, "na" haikosi kujirudia kila mahali, na mara mojamoja itajirudia hata kwa maana ileile. Kihausa na Kikorea wamekutana kwa njia hiyo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kiayalandi na Kihawaii: Mwayalandi akisema "na fir" anamaanisha "wale wanaume", na Mhawaii akisema "nā kāne" anamaanisha vivyo hivyo, kwa maana katika lugha zote mbili kineno hicho hutangulia nomino ya wingi inayojulikana. Kati ya visiwa hivyo viwili pana bara zima la Amerika na bahari mbili, wala hakuna mwanaisimu anayeziweka lugha hizo katika ukoo mmoja.

Geuza sasa upande wa pili. "Na" ya mzee wa Majengo ina ndugu wa damu, lakini "na" yetu haimo. Ndugu zake ni "na" ya kukanusha katika Kihindi na Kiajemi, "ne" ya Kirusi, na hata "no" ya Kiingereza, kwa kuwa lugha hizo zote ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya na ukanushi wenye "n" wameurithi kwa babu mmoja. Kwa hiyo "na" ya Kigujarati na "no" ya Kiingereza, zisizofanana sawasawa masikioni, ni ndugu. Ilhali "na" ya Kigujarati na "na" ya Kiswahili, zinazofanana kabisa, ni wapita njia waliovaa shati la rangi moja.

Hata ujirani wa karibu hausaidii. Ugiriki na Bulgaria zinapakana, lakini Mgiriki akikubali husema "ne", na Mbulgaria akikataa husema "ne". Sijui maofisa wa mpakani hapo wanafanyaje kazi.

Kijana wa UDOM anajibu:

Shikamoo mwalimu. Naomba kuongeza dogo tu kuhusu Kichina, kwa kuwa bila shaka mtakifikia. Katika Kichina sanifu "na" huwa maneno tofauti kulingana na kidatu cha sauti: ikipanda ni "chukua", ikishuka kisha ikapanda ni "ipi", ikiporomoka ni "ile". Kwa msemaji wao hayo hayafanani hata kidogo, kama ambavyo kwetu "pa" na "ba" hayafanani. Sisi tunaozungumza Kiswahili hupitwa na jambo hili kwa sababu lugha yetu imepoteza toni, tofauti na lugha nyingi za Kibantu ambazo bado zinayo. Kwa hiyo sehemu ya "na" mlizokusanya zimefanana kwenye karatasi tu.

Mwalimu wa historia anajibu:

Mimi ndiye ninayesemwa hapo juu, na ninamshukuru Mfasiri kwa heshima aliyonipa. Hata hivyo sijaridhika. Hesabu ya silabi inaeleza kwa nini sauti zinagongana, lakini nikimletea mifano ambayo sauti, maana na nafasi ya neno katika sentensi vinakubaliana kwa pamoja, bado atasema ni bahati?

Nichukue Kigiriki alichokitaja mwenyewe. Mgiriki wa leo akitaka kusema "waje" husema "na erthun". Sisi nasi husema "na waje", "na iwe hivyo", "na aende zake". Angalieni: kineno ni kilekile, kinakaa mbele ya kitenzi, na kitenzi chenyewe kimo katika dhamira tegemezi kwa pande zote mbili. Isitoshe, historia inaturuhusu kufikiri juu ya mahusiano, kwa sababu wafanyabiashara waliotumia Kigiriki waliifahamu pwani hii, waliyoiita Azania, tangu karne ya 1. Walikuja, walibadilishana bidhaa na wenyeji, na pengine waliacha neno. Kwa nini niamini bahati wakati njia ya baharini ipo?

Mfasiri wa Ipagala anajibu:

Mwalimu wa historia, huo ni mfano mzuri kuliko wa Kikorea, na nitaujibu kwa silaha yako mwenyewe, yaani tarehe.

"Na" ya Kigiriki ina cheti cha kuzaliwa. Kigiriki kimeandikwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 2,500, na tunaweza kulifuata neno hilo hatua kwa hatua. Zamani lilikuwa "hina", lenye maana ya "ili". Katika Agano Jipya, lililoandikwa karne ileile ya 1 unayoitaja, utalikuta "hina" kila mahali. Baadaye "h" ya mwanzo ikanyamaza, mkazo ukahamia mwishoni, irabu ya kwanza ikadondoka, na kikabaki kipande cha mwisho tu, "na". Kwa hiyo baharia wa Kigiriki aliyetia nanga Azania, kama alimwambia mwenyeji jambo la namna hiyo, alitamka "hina". Neno ambalo ungetaka atuachie lilikuwa halijapata umbo hilo hata kwao.

"Na" ya Kireno nayo ina cheti chake. Ni "em", yaani "katika", iliyoungana na "a", kibainishi cha nomino za kike kilichotokana na "illa" ya Kilatini. Viwili hivyo vilitamkwa pamoja kwa karne nyingi mpaka vikawa silabi moja. Mkiziweka hizo mbili pembeni ya "na" yetu mtaona kwamba hazikuanza zikifanana. Zilianza mbali, zikalika, na masalia yake ndiyo yanayofanana.

Kwangu hiki ndicho kiini cha swali zima. Vineno vya kisarufi hutumika mara nyingi kuliko maneno mengine, na kinachotumika sana hutamkwa haraka, na kinachotamkwa haraka hupungua. Kupungua huko hakuna mahali pengi pa kuishia isipokuwa konsonanti moja na irabu moja. Mkitaka kuiona kazi hiyo nyumbani kwetu, tazameni "-ta-" ya wakati ujao. Tunasema "atakuja", na mwanafunzi hujifunza kwamba "-ta-" ni kiambishi cha wakati. Mwambieni sasa aweke urejeshi. Hatasema "atayekuja", atasema "atakayekuja". Hiyo "ka" imetoka wapi? Ilikuwapo tangu mwanzo, kwa sababu "-ta-" ni mabaki ya kitenzi "taka", na "atakuja" asili yake ni "ataka kuja". Katika umbo la urejeshi kitenzi cha zamani kimejificha kikiwa kizima, na katika umbo la kawaida kimebaki nusu. Mtu wa nje asiyejua hilo angeweza kuikuta "ta" katika lugha nyingine yoyote yenye wakati ujao na kutangaza undugu, kumbe anashikilia kipande cha neno asilolijua.

Kuhusu lugha moja ya kale ya wanadamu wote, sina haja ya kubishana kama iliwahi kuwapo. Ninachosema ni kwamba "na" haiwezi kuwa shahidi wake. Ikiwa "hina" ilipoteza nusu ya mwili wake ndani ya karne chache tu, ni neno gani fupi lingebaki bila kuguswa kwa makumi ya maelfu ya miaka, Korea na Kano ya Wahausa kwa pamoja? Kadiri undugu unavyokuwa wa mbali zaidi, ndivyo tunavyopaswa kutilia shaka mfanano ulio kamili.

Binti wa Kondoa anajibu:

Walimu wangu, heshima zenu. Naomba nijibu ile sehemu ya kwanza ya swali la Mwalimu wa Chamwino, ya namna ya kutambua undugu wa kweli, kwa sababu naona tumeeleza zaidi kisichokuwa undugu.

Kinachotafutwa ni mlingano unaojirudia, hata kama maneno yenyewe hayafanani sana. Kiswahili husema "mtu", Kiganda "omuntu", Kikuyu "mundu", Kishona "munhu". Hapa Dodoma Wagogo nao husema "munhu". Sasa chukua neno jingine lenye mzizi uleule: "kitu", kisha Kiganda "ekintu", Kikuyu "kindu", Kishona "chinhu". Pale Waganda walipo na "nt", Wakikuyu wana "nd", Washona wana "nh", nasi tumebaki na "t" peke yake. Tofauti hizo zenyewe zina utaratibu, na utaratibu hauji kwa bahati. Mwanafunzi akiletewa "na" ya Kikorea na "na" ya Kihausa, aulizwe: je, sauti "n" ya Kikorea inakutana na "n" ya Kihausa katika maneno mengine ya msingi, kama "mkono", "maji", "jicho", "tatu"? Haikutani, na mjadala unaishia hapo.

Sisi wa Kondoa na Chemba tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Katika eneo letu na majirani zake kuna Kirangi na Kigogo, ambavyo ni vya Kibantu. Kuna Kiburunge na Kialagwa, ambavyo ni vya Kikushi. Kuna Kimaasai na Kidatoga, vya Kiniloti. Na kuna Kisandawe chenye sauti za kidoko, zile zinazotolewa kwa kualisha ulimi. Ni sehemu chache mno barani Afrika ambapo koo nyingi kiasi hicho zinakutana sokoni siku moja. Na ni hukuhuku kwetu ambapo mfanano wa sauti uliwapotosha hata wakubwa. Mwaka 1963 mwanaisimu Joseph Greenberg aliweka Kisandawe, pamoja na Kihadza cha huko Ziwa Eyasi, katika ukoo mmoja na lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika, na mojawapo ya sababu zilizoufanya mpango huo ukubalike ni vidoko. Leo wanaisimu wengi hukiona Kihadza kuwa lugha ya peke yake isiyo na ndugu anayejulikana. Vidoko vilikuwa na mvuto uleule wa "na" yenu ya chumba cha walimu, ila kwa kiwango kikubwa zaidi.

Pia kuna njia ya tatu ambayo hamjaigusa, nayo ni kuazima. Mara nyingi husemwa kwamba lugha huazima majina ya vitu na kuviacha vineno vya kisarufi, lakini Kiswahili kinakanusha hilo waziwazi, kwa maana "lakini", "au", "bila", "hata" na "wala" zote tumezipata kwa Waarabu. Hiyo ya mwisho inahusu mada yetu moja kwa moja. Katika Kiarabu "wa" ndiyo "na", na "la" ni ukanushi, kwa hiyo "wala" ni "na si". Tumeukataa mlango wa mbele, kwa sababu hatusemi "Juma wa Asha" tukimaanisha watu wawili, lakini kiunganishi cha Kiarabu kimeingia na kukaa ndani ya "wala" bila mtu kukiona. Wakati mwingine kinachoazimwa ni mpangilio tu, pasipo neno. Katika Kirangi kuna nyakati ambazo kitenzi kikuu hutangulia kitenzi kisaidizi, jambo lisilo la kawaida kwa lugha za Kibantu, na wapo wanaisimu wanaolihusisha na ujirani wa muda mrefu na lugha za Kikushi.

Mwalimu wa Chamwino anaandika tena:

Ahsanteni sana, na nimemwona mwenzangu wa historia akisoma kwa utulivu usio wa kawaida yake. Swali langu la pili bado linaning'inia. "Juma na Asha", "alikuja na mama", "alipigwa na mwalimu", "nina shamba", "anasoma", na tena "pendana", "pigana", "saidiana". Wanafunzi wangu wanataka kujua kama hizo zote ni "na" moja.

Mfasiri wa Ipagala anajibu:

Nne za kwanza, mwalimu, unaweza kuziweka chini ya paa moja bila wasiwasi. Maana ya msingi ni kuwa pamoja. "Juma na Asha" na "alikuja na mama" ziko wazi. "Nina shamba" ni "mimi ni pamoja na shamba", na ukiipeleka katika wakati uliopita "na" hujitokeza yenyewe: "nilikuwa na shamba". Ile ya mtenda katika "alipigwa na mwalimu" imepanuka kutoka hapohapo, kwa kuwa aliyehusika katika tendo alikuwapo pamoja na aliyetendwa. Ya "anasoma" wengi huihusisha na "na" hiyohiyo, yaani mtu kuwa na kusoma, kuwa katikati ya tendo, nami naliona elezo hilo kuwa na nguvu, ingawa kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ingetosha kuiita kiambishi cha wakati. Hizo ni maana nyingi za neno moja. Za Kigujarati, Kireno na Kiamhari ni maneno mengi yenye umbo moja, na ningependa mwanafunzi atoke darasani akiwa na tofauti hiyo mkononi, kwa sababu ndiyo iliyowavuruga walimu wake.

"Pendana" iwekeni nje. Humo hakuna "na" hata kidogo, ni macho yetu yanayokata neno mahali pasipo pake. Mwambie mwanafunzi aigeuze iwe amri kwa watu wengi au dhamira tegemezi: "pendaneni", "mpendane", "wasipigane". Irabu "a" ya mwisho imebadilika ikawa "e", kama inavyobadilika katika "soma" na "wasome", kwa hiyo irabu hiyo ni ya kitenzi kizima na haikuwa sehemu ya kiambishi. Kinachobaki ni "-an-", kiambishi cha kutendana ambacho kipo kotekote katika Kibantu: Wazulu husema "thandana" na Washona "danana", kwa maana hiyohiyo ya kupendana. Kwa hiyo silabi "na" anayoisikia mwishoni mwa "pendana" ni nusu ya kiambishi kimoja iliyokutana na irabu ya kiambishi kingine.